Je, Wajua? Makao ya Wanyama Hupimwa kwa Mlango wa Kutokea

Je, wajua kuwa mwaka 2024 ndovu 50 walihamishwa kutoka Embu kwa sababu makao yao yalikuwa yamejaa?

Hifadhi ya Kitaifa ya Mwea iko Mbeere Kusini, Kaunti ya Embu, mahali ambapo Mto Tana unapita kabla ya kushuka kwenye mabwawa ya umeme ya Kamburu, Gitaru, Kindaruma na hatimaye Kiambere. Ilitangazwa kuwa hifadhi mwaka 1976. Ni ndogo, kilomita 42 za mraba tu. Mwaka 1979 ndovu wake walikuwa 49, na eneo linaweza kuwalisha wapatao 50. Walindwa vizuri, wakazaana, na kufikia 2024 walikuwa 156. Chakula kilipopungua ndani, walitoka kuingia mashambani, na mkulima wa mahindi na ndengu ndiye aliyelipa. Mwezi Oktoba mwaka huo Shirika la Wanyamapori, KWS, lilianza kuwadunga sindano za usingizi, kuwapakia kwenye malori na kuwapeleka Mbuga ya Aberdare.

Wengi tuliitazama habari ile kama sinema ya kreni na ndovu waliolala. Lakini ndani yake mna jambo linalohusu makao yote ya wanyama, yawe ya ndovu, ya mbwa au ya punda: kuwapokea wanyama ndiyo sehemu rahisi, na ugumu huanza pale wanapotakiwa kutoka.

Je, wajua kuwa nafasi katika makao ya mbwa haihesabiwi kwa vizimba peke yake?

Huhesabiwa kwa siku. Chukua makao yanayopokea mbwa watatu kila siku, na kila mbwa akae siku 20 kabla ya kupata mwenyewe. Hapo zitahitajika nafasi 60. Msimamizi akiweza kupunguza siku hizo zikawa 10, nafasi 30 zinatosha, hata asipoongeza tofali moja. Ndiyo maana anayejua kazi hii hakimbilii kujenga. Huuliza kwanza: kwa nini mbwa huyu yuko hapa wiki ya nne? Amekosa chanjo? Daktari hajamfunga kizazi? Au hakuna aliyempiga picha watu wakamwona? Kila jibu linaokoa chakula, dawa na, mara nyingi, uhai wa mbwa mwingine aliye nje ya lango.

Nchini Kenya chama kinachojulikana zaidi kwa kazi hii ni KSPCA cha Nairobi, ambacho asili yake ni mwaka 1910. Mbwa na paka wake hufungwa kizazi kabla ya kukabidhiwa watu wapya. Wapo wanaoliona sharti hilo kuwa ukali usio na maana. Mimi naliona kuwa ndio uti wa kazi yenyewe, kwa sababu mbwa jike mmoja aliyetolewa bila kufungwa kizazi anaweza kurudisha langoni, kupitia watoto wake, wanyama wengi kuliko waliotoka siku ile.

Je, wajua kuwa kirusi cha parvo, kinachoua watoto wa mbwa kwa kuhara damu, kinaweza kuishi miezi mingi kwenye sakafu na udongo?

Spiriti hakiiogopi. Dawa kadhaa za kunukia pia hakizijali. Kinachokiua ni jiki, tena sakafu iwe imesuguliwa kwanza kwa sabuni, maana uchafu huipunguza jiki nguvu. Kwa hiyo katika makao yanayoendeshwa vizuri kuna mpangilio wa usafi usiovunjwa: mfagizi huanza kwa watoto wazima, akaja kwa wakubwa wazima, halafu wageni ambao bado wametengwa, na wagonjwa huwa wa mwisho. Akigeuza mpangilio huo asubuhi moja tu, viatu vyake vinaweza kuupeleka ugonjwa kote. Ukitaka kujua kama kituo kinasimamiwa kweli, usitazame rangi ya ukuta. Uliza nani anafagia, na anaanzia wapi.

Je, wajua kwa nini mbwa aliyemng'ata mtu huwekwa chini ya uangalizi kwa siku 10?

Kwa sababu kirusi cha kichaa cha mbwa huingia katika mate ya mbwa siku chache tu kabla hajaonyesha dalili, na dalili zikianza hamalizi muda mrefu kabla ya kufa. Akiwa hai na mzima siku ya 10, basi hakuwa na kirusi kwenye mate siku alipong'ata. Aliyeng'atwa, hata hivyo, hasubiri siku hizo: anaosha jeraha kwa maji mengi na sabuni dakika 15 na kwenda hospitali kuanza chanjo siku hiyo hiyo.

Kenya ilithibitisha kichaa cha mbwa kwa mara ya kwanza mwaka 1912, kwa mbwa aliyepatikana viungani mwa Nairobi. Zaidi ya karne moja baadaye ugonjwa bado unakadiriwa kuua Wakenya wapatao 2,000 kila mwaka, wengi wao watoto. Inauma, kwa sababu dawa ya kuuzuia inajulikana: chanja mbwa saba katika kila kumi, mwaka baada ya mwaka, na kirusi kitakosa pa kupita. Mkakati wa taifa wa kuutokomeza ulianza 2014 na unalenga 2030. Kuwapiga risasi au kuwatilia sumu mbwa wanaorandaranda, njia iliyotumiwa miaka mingi katika miji yetu, hakujauondoa ugonjwa. Mbwa waliochanjwa hufa pamoja na wasiochanjwa, na nafasi yao huchukuliwa na wageni ambao hawajawahi kuona sindano.

Je, wajua kuwa mtoto wa ndovu anaweza kufa kwa huzuni?

Mwaka 1974, huko Tsavo, Daphne Sheldrick alikuwa akimlea mtoto wa ndovu aliyeitwa Aisha. Watoto wachanga wa ndovu walikuwa wakifa mikononi mwa watu kwa sababu hawakuweza kumeng'enya mafuta ya maziwa ya ng'ombe. Daphne alijaribu mchanganyiko baada ya mchanganyiko hadi akapata maziwa ya unga ya watoto wa binadamu yenye mafuta ya nazi, na Aisha akanawiri. Kisha Daphne akasafiri kwenda Nairobi kwa ajili ya harusi ya binti yake. Aisha, ambaye hakumjua mama mwingine, alikataa kula. Alikuwa na umri wa miezi sita hivi alipokufa.

Kanuni nzima ya kituo cha yatima wa ndovu cha Nairobi imetokana na kifo hicho. Wakfu wa Sheldrick, unaokiendesha, ulianzishwa 1977, na umelea ndovu yatima zaidi ya 250 kwa ushirikiano na KWS. Mlezi hulala chumba kimoja na mtoto, humnywesha maziwa kila baada ya saa tatu, humfunika blanketi usiku wa baridi. Lakini walezi hubadilishana zamu makusudi, ili mtoto aipende familia nzima ya walezi na asimng'ang'anie mtu mmoja. Siku ikifika, huhamishiwa Voi, Ithumba au Kibwezi, ambako hukutana na ndovu wa porini na kuamua mwenyewe lini aondoke. Hilo linaweza kuchukua miaka. Hafukuzwi.

Samburu nako kuna Reteti, kituo kilichofunguliwa 2016 na kinachomilikiwa na jamii ya hifadhi ya Namunyak. Hapo wapo walezi wanawake, na watoto wa ndovu hunyweshwa maziwa ya mbuzi yanayonunuliwa kwa kina mama wa vijijini. Kwa hiyo pesa za msaada hupitia mikononi mwa majirani, na jirani anayelipwa kwa maziwa yake ana sababu ya kupiga simu akiona ndovu mchanga aliyetumbukia kisimani.

Je, wajua kuwa simba yatima maarufu kuliko wote duniani alirudishwa porini upande wa Meru?

Elsa alichukuliwa akiwa mchanga Februari 1956, baada ya George Adamson, aliyekuwa askari wa wanyama, kumpiga risasi mama yake aliyemshambulia. Walikuwa watoto watatu, wote majike. Dada zake wawili walipelekwa bustani ya wanyama ya Rotterdam, Uholanzi. Elsa alibaki, akafunzwa kuwinda, akaachiliwa, akazaa watoto watatu Desemba 1959, na akafa Januari 1961 kwa ugonjwa wa kupe. Kaburi lake liko ndani ya Mbuga ya Meru, karibu na Mto Ura.

Sehemu isiyosimuliwa sana ni iliyofuata. Watoto wa Elsa, walipobaki bila mama, walianza kukamata mifugo ya wenyeji, na ikabidi Adamson awatege na kuwapeleka Serengeti. Baadaye alihamia Kora, ng'ambo ya Tana, mto uleule unaozalisha umeme Kiambere. Huko mwaka 1971 simba mmoja aliyemlea, aliyeitwa Boy, alimuua mfanyakazi wa kambi, na Adamson mwenyewe akalazimika kumpiga risasi. Nawaheshimu waliompenda Elsa. Lakini mfugaji aliyepoteza mbuzi na familia iliyopoteza mtu wao walistahili kuulizwa mapema, na hawakuulizwa.

Leo sheria imebana zaidi. Sheria ya Wanyamapori ya 2013 haimruhusu mtu kumfuga mnyama wa porini bila kibali. Ukimwokota mtoto wa dikidiki kichakani huko Kiambere ukamweka nyumbani kwa huruma tu, unaweza kushtakiwa. Na mara nyingi hakuwa yatima: mama humficha nyasini akienda kula. Mwache hapo, ondoka, na uwapigie KWS ukiwa na shaka.

Je, wajua kuwa kuna makao ambayo wanyama wake huzuiwa kuzaa?

Ni makao ya sokwe ya Sweetwaters, ndani ya Ol Pejeta, Laikipia. Yalifunguliwa 1993 kwa makubaliano na KWS na Taasisi ya Jane Goodall, yakapokea sokwe kutoka Bujumbura wakati Burundi ilipokuwa inaingia vitani. Kenya haina sokwe wa porini, hivyo hakuna msitu wa kuwarudishia. Majike hupewa dawa za kupanga uzazi. Kila sokwe anayezaliwa pale angechukua, kwa miaka 50 hivi, nafasi ya mwingine anayesubiri kutolewa kwenye kizimba cha mfanyabiashara. Ni uamuzi mgumu, na naamini ni sahihi.

Je, wajua kuwa kumbebesha punda mzigo kupita kiasi ni kosa la jinai Kenya?

Sheria ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Sura ya 360, imesema hivyo tangu miaka ya 1960. Inataja kupiga, kupiga mateke, kuendesha kupita kiasi, kubebesha kupita kiasi, hata kumtia mnyama hofu. Adhabu iliyoandikwa humo kwa miaka mingi ilikuwa faini ya hadi shilingi 3,000 au kifungo cha hadi miezi sita, au vyote viwili. Zamani shilingi 3,000 zilikuwa pesa nyingi. Leo hazimtishi mtu yeyote anayeuza maji kwa punda.

Lamu, ambako barabara za mji ni za punda na watu, hospitali ya punda imetibu bila malipo tangu 1987. Bara hakukuwa na bahati hiyo. Kuanzia 2016 vichinjio vilivyoidhinishwa vilianza kuchinja punda kwa ajili ya ngozi iliyopelekwa Uchina kutengenezewa dawa ya asili iitwayo ejiao. Wizi ulienea, na mwanamke aliyelala akiwa na punda wa kumtekea maji aliamka akiwa na kamba iliyokatwa. Mwaka 2020 waziri wa kilimo Peter Munya, mwana wa Meru, alipiga marufuku. Mwaka uliofuata mahakama ikaibatilisha marufuku hiyo. Februari 2024 viongozi wa Umoja wa Afrika walikubaliana kusitisha kwa miaka 15 uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi barani kote.

Je, wajua nani anapaswa kukujengea makao ya wanyama karibu nawe?

Wengi hudhani ni wafadhili wa Ulaya, au watu wema wa Nairobi. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imeipa serikali ya kaunti kazi ya kudhibiti wanyama na kusimamia ustawi wao. Imetaja waziwazi utoaji wa leseni za mbwa, na mahali pa kuwaweka wanyama, kuwatunza na kuwazika. Kwa mkazi wa Kiambere, kwa mfano, mwenye jukumu ni Kaunti ya Embu. Daktari atakayewatibu ni lazima awe amesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo, na matumizi ya pesa husimamiwa na bunge la kaunti, ambamo Wadi ya Kiambere ina mwakilishi wake.

Kifungu hicho kisipotengewa fedha, hakimfai mbwa wala punda. Makadirio ya bajeti ya kaunti hufikishwa bungeni kabla ya tarehe 30 Aprili kila mwaka, na sheria inataka wananchi wapewe nafasi ya kuyachangia. Atakayesimama kwenye kikao hicho Kiritiri anaweza kuuliza mambo matatu: mwaka huu kaunti imetenga kiasi gani kwa ustawi wa wanyama, mbwa wangapi wa wadi yetu walichanjwa mwaka uliopita, na punda aliyegongwa barabarani usiku apelekwe wapi.