Sinia la Shira Juu ya Ardhi Isiyotulia

Katika kurasa hizi tumezoea khabari za mikarafuu. Leo nawaelezeni kazi ya wakulima wengine wa miti, walioko Kanada na majimbo ya kaskazini ya Marekani kama Vermont, ambao mavuno yao huweza kuungua kwa sababu jiko limeinama inchi moja.

Wakulima hao hutoboa shina la mti uitwao mepoli na kukinga maji yake, mfano wa mgema akingavyo tembo, ila wao hawana haja ya kupanda juu. Maji hutoka mwisho wa majira ya baridi, aghalabu baina ya Februari na Aprili, ambapo usiku huganda na mchana huyeyuka. Msimu wenyewe ni wiki chache tu. Sukari iliyomo ni kiasi cha 2 katika 100, kwa hivyo hutakiwa galoni 40 au zaidi zichemshwe mpaka ibaki galoni 1 ya shira. Siku hizi wengi wana mashine za kupunguza maji kabla ya kuchemsha, lakini moto haujaondoka, maana rangi na ladha hutokana nao.

Chombo chao ni jiko refu la chuma, na juu yake masinia mapana yenye kingo, yaliyogawanywa vichochoro. Maji mabichi huingia upande mmoja, yakaenda polepole kichochoro hadi kichochoro, yakizidi kuwa mazito, mpaka yakafika penye bomba la kutolea. Boya hufungua na kufunga njia ya maji ili kina kisipungue. Katika sinia la mwisho kina hicho huwa inchi 1 au 2 tu, na hapo ndipo penye khatari. Chukua sinia la upana wa futi 4 lenye kina cha inchi 1. Upande mmoja ukinyanyuka inchi 1 kuliko wa pili, basi huku pana inchi moja na nusu, na kule nusu inchi. Boya limekaa mahali pamoja. Halina khabari za pembe nyingine. Kila aliyepika shira ya kaimati ajua kuwa ikikaribia kuiva huungua mara moja, na huko moto ni mkali zaidi. Pembe ikikauka, sukari hugeuka makaa, sinia hupinda, na kazi ya usiku mzima humwagwa. Sinia jipya ni ghali, na siku zinazopita katika kulingoja hazirudi.

Mtu atauliza, kwa nini jiko lisisawazishwe mara moja likaachwa? Lau ardhi ingetulia! Sisi tunaoanika karafuu juu ya majamvi hatuulizi kama uwanja umelala sawa. Huko baridi hugandisha ardhi futi kadha kwenda chini. Wengi hudhani kuwa udongo huinuka kwa sababu maji yakiwa barafu hutanuka, na kweli hutanuka kiasi cha 9 katika 100. Lakini Bwana Stephen Taber, mtaalamu wa miamba wa Marekani, alionyesha mwaka 1929 na 1930 kuwa hiyo siyo sababu kubwa. Aliuloweka udongo kwa benzini ya maabara, ambayo ikiganda hunywea wala haitanuki, na udongo ukainuka vile vile. Sababu hasa ni kuwa barafu inayojifanya ndani ya udongo huvuta maji ya chini, kama utambi uvutavyo mafuta, ikajijenga tabaka juu ya tabaka na kusukuma kilicho juu yake. Udongo laini kama vumbi ndio mbaya zaidi, changarawe haivuti.

Tena barafu hiyo huyeyuka katika wiki zile zile za kuchemsha. Joto la jiko nalo huweza kulainisha ardhi iliyo chini yake, na ile ya nje ya ukuta ingali imeganda. Basi mguu mmoja wazama na mwingine umesimama.

Wenye uwezo huchimba msingi kupita kina cha baridi, au huondoa udongo laini, wakajaza changarawe yenye mfereji wa kutolea maji, kisha wakamwaga zege. Ni dawa nzuri, lakini si rahisi kuchimbua chini ya jengo la zamani. Mimi nawasifu zaidi wale wanaokubali kuwa ardhi itacheza, wakaweka chini ya miguu ya jiko parafujo za kupandisha na kushusha, au kabari za chuma. Za mti hazifai karibu na moto.

Kupima nako kuna taratibu yake. Kwanza pimamaji huwekwa juu ya fremu. Kisha hutiwa maji baridi katika masinia, na kina kikapimwa kwa rula katika pembe zote nne, kwani fremu yaweza kuwa sawa na sinia likawa limepinda. Wenye shaka huongeza kina. Ni salama, lakini shira huchelewa na huwa nyeusi zaidi. Na kipimo cha mwanzo wa msimu hakitoshi: hupimwa tena kila baada ya ardhi kuganda na kuyeyuka, kabla moto haujawashwa, maana kuinua jiko lenye shira inayochemka ni kujitafutia kuungua mwenyewe.