Majeruhi amepona, lakini 'siye yeye': Hulka iliyobadilika hupimwaje?

Na Mwandishi Wetu

KIJANA wa bodaboda aliyepasuka fuvu anaruhusiwa kutoka hospitali baada ya wiki kadhaa. Jeraha limefunga, anatembea bila kushikwa, anawatambua watu wote wa nyumbani na anataja bila kukosea siku aliyonunua pikipiki yake. Ndugu na majirani wanafika kumpa pole na kumshukuru Mungu.

Miezi mitatu baadaye mkewe anarudi hospitalini peke yake. Malalamiko yake hayaingii kirahisi katika faili la mgonjwa. Mume aliyekuwa mpole sasa anamtukana mama mkwe mbele ya watu, fedha za matumizi anazigawa kwa asiowajua, na mtoto akilia usiku hageuki hata kumtazama. "Huyu siye mtu niliyemleta hapa," anasema.

Simulizi ya aina hiyo si ngeni kwa madaktari wa ubongo popote duniani. Swali linaloikabili hospitali, na wakati mwingine kampuni ya bima na mahakama, ni namna ya kuipima kauli ya mwanamke huyo. Mfupa uliovunjika huonekana kwenye eksirei na homa ina kipimajoto chake. Hulka, yaani namna ya kudumu ambayo mtu huhisi, huwaza na kuishi na wenzake, haina mizani ya namna hiyo. Lililo gumu zaidi ni kwamba kabla ya ajali hakuna aliyekuwa na sababu ya kuipima.

Swali hilo lina umri wa zaidi ya karne moja na nusu. Jioni ya Septemba 13, 1848, karibu na mji wa Cavendish katika jimbo la Vermont, Marekani, msimamizi wa vibarua wa ujenzi wa reli aitwaye Phineas Gage, mwenye umri wa miaka 25, alikuwa akishindilia baruti ndani ya tundu la mwamba. Baruti ililipuka kabla ya wakati wake. Mtaimbo aliokuwa ameushika, wenye urefu wa zaidi ya mita moja na uzito wa kilo sita, ulimpenya chini ya shavu la kushoto, ukapita nyuma ya jicho na kutokea utosini.

Gage hakufa. Baada ya dakika chache alikuwa akizungumza, na alipelekwa mjini juu ya mkokoteni wa ng'ombe akiwa ameketi wima. Daktari wa eneo hilo, John Martyn Harlow, alimtibu mpaka jeraha likafunga, ingawa jicho la kushoto lilipoteza nuru.

Kisa hicho kimesimuliwa mara nyingi katika vitabu vya tiba, lakini jambo moja ndani yake halitajwi sana. Mwishoni mwa mwaka 1849 Gage alichunguzwa kwa wiki kadhaa mjini Boston na Henry Bigelow, profesa wa upasuaji wa Chuo Kikuu cha Harvard. Mwaka 1850 profesa huyo aliandika kuwa mgonjwa amepona mwili na akili. Mwaka 1868 Harlow aliandika habari iliyo kinyume kabisa. Alieleza kuwa kabla ya ajali waajiri walimhesabu Gage kuwa msimamizi hodari kuliko wote waliokuwa nao, na kwamba baadaye walikataa kumrudishia kazi yake. Alikuwa mwepesi wa matusi, hashauriki, anapanga mambo mengi na kuyatupa kabla hayajaanza. Marafiki zake walisema huyo si Gage tena.

Inawezekanaje madaktari wawili wakatofautiana kiasi hicho juu ya mtu mmoja? Bigelow hakuwa mzembe. Alimchunguza mgeni ambaye hakuwahi kumwona akiwa mzima, akamkuta anaongea vizuri, anakumbuka na kutembea. Harlow aliwasikiliza waliomfahamu Gage kabla ya mtaimbo. Vipimo vyote vinavyotumika leo kupima mabadiliko ya hulka vimejengwa juu ya tofauti hiyo.

Mwaka 1985 ilidhihirika kuwa hata vipimo vya kisasa vinaweza kurudia kosa la Bigelow. Watafiti Paul Eslinger na Antonio Damasio wa Chuo Kikuu cha Iowa walichapisha habari za mgonjwa waliyemwita EVR, mhasibu aliyeondolewa uvimbe katika sehemu ya mbele ya ubongo akiwa na umri wa miaka 35. Kabla ya hapo alikuwa mume, baba na mfanyakazi wa kuheshimiwa. Baada ya upasuaji alifilisika, akashindwa kudumu kazini na ndoa zake zikavunjika.

Hata hivyo, vipimo vya akili vilimpa alama za juu kuliko watu wengi. Dodoso maarufu la Minnesota la kupima hulka, lenye mamia ya maswali ambayo mgonjwa huyajibu mwenyewe, lilionyesha kuwa hana tatizo. Karatasi ilisema mzima, maisha yakasema vingine.

Sababu moja ni kwamba chumba cha daktari ni mahali tulivu. Maswali huja moja baada ya jingine, hakuna mdai anayegonga mlango wala mtoto anayelia, na mwenye kupanga kila kitu ni daktari. Mtu aliyepoteza uwezo wa kujiongoza huongozwa na mazingira hayo, naye huonekana timamu kwa muda wa saa moja.

Sababu ya pili ni kubwa zaidi. Sehemu ya mbele ya ubongo, ambayo huumia kirahisi kichwa kinapogongwa kwa nguvu, ndiyo pia inayomwezesha mtu kujitazama na kujitambua. Ikiharibika, mgonjwa huweza kubadilika bila kujua kuwa amebadilika. Anapojibu kuwa hana tatizo lolote, hasemi uongo na wala si mbishi, kwa kuwa chombo cha kujipimia ndicho kilichoumia.

Ndiyo maana watafiti walianza kutengeneza madodoso yanayojibiwa na ndugu. Moja linalojulikana sana ni lile la Janet Grace na Paul Malloy, lililochapishwa mwaka 2001. Lina vipengele 46 vinavyoangalia mambo matatu: kutojali, kushindwa kujizuia, na kushindwa kupanga shughuli na kuzitekeleza. Kila kipengele hupewa alama mbili, moja kwa jinsi mtu alivyokuwa kabla ya kuumia na nyingine kwa jinsi alivyo sasa. Mgonjwa hujaza nakala yake na ndugu hujaza yake.

Majibu hulinganishwa na ya watu wazima wasio na ugonjwa, wenye umri, jinsia na elimu inayokaribiana na ya mgonjwa. Wastani wa watu hao umewekwa kuwa 50, na anayefikia 65 au zaidi huhesabiwa kuwa na tatizo la kitabibu. Mtu aliyekuwa na 48 kabla ya ajali na sasa ana 72, malalamiko ya mkewe yamepata tarakimu. Aliyekuwa na 70 tangu zamani na sasa ana 71 alikuwa mkorofi kabla ya ajali, na ni vigumu kuitwisha pikipiki lawama hiyo.

Pengo kati ya nakala hizo mbili nalo ni kipimo. Mgonjwa akijipa 50 na ndugu akampa 75, daktari hujifunza kuwa mgonjwa hajioni, na kwamba kumkanya kwa maneno matupu hakutafika mbali.

Kwa magonjwa yanayokuja taratibu, hasa ya kupoteza uwezo wa akili uzeeni, hutumika zaidi njia ya Jeffrey Cummings na wenzake ya mwaka 1994. Anayemuuguza mgonjwa huulizwa juu ya hali moja moja, kama vile hasira, kutojali, huzuni au kuona visivyokuwapo. Hutaja hutokea mara ngapi, kwa alama 1 hadi 4, na kwa ukali gani, kwa alama 1 hadi 3, kisha namba hizo huzidishwa. Ghadhabu yenye alama 3 za kujirudia na 2 za ukali huwa 6. Muuguzi huulizwa pia jambo hilo linamwelemea yeye mwenyewe kiasi gani, swali ambalo katika familia nyingi huwa halijawahi kuulizwa na mtu yeyote.

Je, ndugu naye ni shahidi wa kuaminika? Si mara zote. Aliyenusurika kumpoteza mumewe huweza kukumbuka maisha ya zamani kuwa mazuri kuliko yalivyokuwa, na aliyechoka kuuguza huona kila jambo limeharibika. Watafiti wa Iowa walilijua hilo, wakachanganya katika dodoso lao tabia ambazo hazitarajiwi kubadilika kwa sababu ya jeraha la ubongo. Ndugu anayedai kuwa hata hizo zimeharibika, majibu yake husomwa kwa tahadhari.

Utafiti uliofanywa Glasgow, Scotland, na Neil Brooks na wenzake katika miaka ya 1980 unaonyesha ugumu huo. Mwaka mmoja baada ya ndugu yao kuumia vibaya kichwani, asilimia 60 ya familia zilisema hulka yake imebadilika. Baada ya miaka mitano zilikuwa asilimia 74. Ubongo kwa kawaida hauendelei kuharibika miaka yote hiyo kwa jeraha moja. Inaelekea subira ya nyumbani ilikuwa imekwisha, au matumaini kwamba atarudi kuwa yuleyule yalikuwa yametoweka. Vyovyote iwavyo, kilichozielemea familia hizo zaidi kilikuwa tabia ya mgonjwa, kuliko ulemavu wa viungo vyake.

Kupima kuna faida ya haraka pia, kwani baadhi ya mabadiliko hayo yana tiba. Damu huweza kujikusanya polepole kati ya ubongo na fuvu kwa wiki kadhaa baada ya kugongwa, na dalili zake za kwanza zikawa kuchanganyikiwa au tabia ngeni. Hilo ni jambo la kukimbilia hospitali, na mara nyingi upasuaji huliondoa. Sonona nayo hufanana sana na kutojali. Kwa wagonjwa wa Parkinson, baadhi ya dawa zinazoiga kazi ya dopamini, mfano pramipexole, huweza kumfanya mtu mtulivu awe mcheza kamari au mnunuzi asiye na kikomo. Daktari akipunguza au kubadilisha dawa, hali hiyo aghalabu hupungua.

Upo pia ugonjwa unaokula sehemu za mbele na za pembeni za ubongo, ambao mara nyingi huanza kati ya miaka 45 na 65. Mtu hupoteza huruma na haya huku kumbukumbu zake zikiwa bado nzuri. Wengi husemwa wamelewa madaraka, wamepata nyumba ndogo au wamerogwa, na miaka hupita kabla ya kupelekwa kwa daktari anayehusika.

Kwetu Afrika Mashariki jambo hili si la vitabuni tu. Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2023, lilisema ajali za barabarani ziliua watu wapatao milioni 1.19 mwaka 2021, na kwamba ndizo zinazoongoza kwa kuua watu wenye umri wa miaka mitano hadi 29. Katika Hospitali ya KCMC mjini Moshi, ambako watafiti wameweka kumbukumbu za majeruhi wa kichwa, ajali za barabarani ndizo chanzo kikuu. Wengi wa wanaonusurika ni vijana wenye familia changa.

Madodoso yaliyotajwa hapa yalitungwa ughaibuni na wastani wake ni wa watu wa huko. Kuyatafsiri neno kwa neno hakutoshi. Chukua swali linalouliza kama mtu hufanya mzaha mahali pasipofaa. Mtani anayelala kaburini na kudai alipwe ndipo aondoke anatimiza wajibu wake, na msibani watu watamshangaa asipofanya hivyo. Vivyo hivyo, baba asiyeingia jikoni hana lazima ya kuwa na ugonjwa wa kutojali. Kipimo cha haki ni mtu huyohuyo wa jana, pamoja na wale walioishi naye.

Ndiyo maana familia inaweza kuanza kazi hiyo kabla hata ya dodoso. Katika siku za mwanzo, watu wawili waliomjua mgonjwa kwa namna tofauti, tuseme mke na mwenzake wa kijiweni, waandike kila mmoja peke yake jinsi alivyokuwa: hasira zake, fedha zake, usingizi wake, pombe kama alikunywa. Baadaye waandike matukio, si hukumu. "Amekuwa mbaya" halimsaidii daktari. "Jumanne alitoa kodi ya nyumba yote kwa mpita njia" linamsaidia. Orodha hiyo ipelekwe kliniki katika mwezi wa tatu, wa sita na wa kumi na mbili, kwa kuwa hulka iliyobadilika huweza kubadilika tena.

Gage mwenyewe ni mfano. Mwaka 1852 alikwenda Chile, akaendesha gari la abiria la farasi kwa karibu miaka saba, kazi inayohitaji kuamka mapema, kuvumilia abiria na kuongoza farasi kadhaa kwa mpigo. Mtafiti Malcolm Macmillan, aliyefuatilia maisha yake kwa miaka mingi, anaona kuwa mtu aliyeielezwa na Harlow asingeimudu kazi hiyo, na kwamba huenda alikuwa ameanza kurudi. Mwaka 1859 afya yake ilidhoofika, akarejea kwa mama yake California, na Mei 1860 akafariki dunia baada ya kushikwa na degedege mfululizo.

Fuvu lake na ule mtaimbo vimehifadhiwa Harvard, na vimepimwa kwa kompyuta zaidi ya mara moja. Watu aliofanya nao kazi Chile hawakuulizwa kama waliona mabadiliko, na hata wangeulizwa, walikuwa wamemkuta tayari ameumia.