Bili ya umeme Uingereza: usilipe deni la mtu mwingine

Nyumbani Tanzania tumezoea LUKU: unanunua, unatumia, zikiisha ni giza. Huku Uingereza wengi wetu tunatumia kwanza, bili inakuja baadaye. Hapo ndipo hela ya kumtumia mama inapopotelea.

Mimi ni mhasibu na bado nilinaswa. Mwezi wa tatu tangu nihamie ikaja bili ya pauni 412. Kuiangalia vizuri, ni ya makadirio, tena imeanza kuhesabiwa kabla sijapewa funguo! Kilichoniokoa ni picha ya mita niliyopiga siku ya kuhamia.

Basi ndugu yangu, kama bili iko kwa jina lako, fanya hivi:

1. Siku ya kuingia, piga picha mita zote, ya umeme na ya gesi. Deni la mpangaji aliyetangulia si lako.

2. Kila mwezi watumie namba za mita, wasikukadirie.

3. Wakikudai matumizi ya zaidi ya miezi 12 nyuma, ambayo kwa kosa lao hawakukutoza, kataa. Kanuni za Ofgem, wasimamizi wao, haziruhusu.

4. Lalamika kwa maandishi. Wiki 8 zikipita bila suluhu, nenda Energy Ombudsman. Ni bure, na ukiukubali uamuzi wake, kampuni lazima itii.

Yangu ilichukua wiki 5. Nililipa pauni 182 nilizotumia kweli. Zile 230 zikaenda nyumbani, ada ya mdogo wangu.