Je, Wajua? Seli Zina Kikomo cha Kugawanyika
Seli ya kawaida ya mwili wako haigawanyiki milele. Mwaka 1961, huko Philadelphia, Marekani, wanasayansi Leonard Hayflick na Paul Moorhead walionyesha kuwa seli za binadamu zinazokuzwa maabarani hugawanyika takriban mara 50, kisha hukoma. Hazifi papo hapo. Huendelea kuishi, ila hazizai tena. Wataalamu wengi waliamini kinyume chake, maana Alexis Carrel, mshindi wa Tuzo ya Nobel, alikuwa amedai kuwa seli za moyo wa kifaranga alizoanza kuzikuza mwaka 1912 hazina mwisho. Jina kubwa nalo huwaziba watu macho!

Siri imo kwenye ncha za kromosomu, ziitwazo telomea. Kila seli inapogawanyika, ncha hizo hupungua kidogo, kama penseli inayochongwa. Zikifupika mno, seli huacha kugawanyika.

Seli za saratani hukwepa kikomo hicho: nyingi huwasha kimeng'enya cha telomerasi, ambacho huzirefusha ncha upya. Ndiyo maana seli za uvimbe wa mgonjwa wa saratani Henrietta Lacks, zilizochukuliwa Baltimore mwaka 1951, zinaendelea kugawanyika katika maabara duniani hadi leo.