Mrehani na Sonona

Huko Kesses, penye Chuo Kikuu cha Moi tangu mwaka 1984, baridi humtia kijana wa pwani hamu ya kwao. Wazazi wetu humtilia mzigoni mafuta ya mrehani na asumini yamwondoe sonona. Siwacheki. Rehani imetajwa katika Surat Ar-Rahman. Na huko Ujerumani vidonge vya mafuta ya lavenda, miligramu 80, vimejaribiwa kwa wenye sonona isiyo kali, wakapata nafuu. Lakini dawa iliyopimwa haifanani na chupa ya sokoni, nayo chupa hiyo hainywewi. Wazazi wenzangu, mwana akikosa usingizi na kutamani mauti, msimwambie anuse na kusubiri. Mpelekeni hospitali ya Eldoret, na dua iandamane naye. Hapana aibu.