Bata Katika Majaruba: Mkulima wa Arkansas Anauza Nini?

Mji wa Stuttgart, katika jimbo la Arkansas nchini Marekani, unajulikana kwa mambo mawili: mpunga na bata. Jimbo hilo hutoa karibu nusu ya mpunga wote wa Marekani, na mjini hapo ndipo yalipo makao makuu ya Riceland, chama cha ushirika kilichoanzishwa na wakulima mwaka 1921 ili wauze mazao yao kwa pamoja. Mavuno yakiisha kuingia ghalani na mashamba yakabaki mabua, msimu wa pili huanza. Wageni wenye bunduki za marisau hufika kutoka miji ya mbali na kulipa fedha nyingi ili waongozwe kuwinda bata katika majaruba yale yale yaliyokwisha kuvunwa. Kwa mwanaushirika anayelima mpunga, la kutazama hapa si bunduki, bali biashara yenyewe. Mkulima yule anauza kitu gani hasa?

Hauzi bata. Zamani wawindaji wa biashara waliua ndege bila kiasi na kuwapeleka kwa mapipa katika masoko ya Chicago na miji mingine, hata aina kadhaa zikakaribia kwisha. Mwaka 1916 Marekani ilitia saini mkataba na Uingereza, iliyokuwa ikiiwakilisha Kanada, na mwaka 1918 ikatungwa sheria ya kuwalinda ndege wanaohama. Tangu hapo nyama ya bata wa porini haiuzwi. Wengi wa bata hao huzaliwa Kanada na katika nyanda za kaskazini ya Marekani, nao hushuka kusini wakati wa baridi. Hawana mwenyewe, wala kuwalisha hakumpi mtu haki juu yao. Kinachouzwa ni ruhusa ya kuingia shambani, maji yaliyotuama, na utulivu wa mahali.

Maji ndiyo mtaji wa kwanza. Baada ya mavuno mkulima huziba mapitio ya maji na kuacha mvua ijaze majaruba, au hupiga pampu mvua ikichelewa. Kina hakizidi sana urefu wa shingo ya bata, kwa kuwa ndege huyo huinamisha kichwa na kuchokora chini, hapigi mbizi. Hula punje zilizoanguka na mbegu za magugu, hata za mpunga mwekundu unaowasumbua wakulima wa huko. Mabua nayo huoza upesi ndani ya maji, na kazi ya trekta hupungua. Basi hata mgeni asipofika, shamba limekwisha kupata faida yake.

Safari yenyewe huanza kabla ya alfajiri. Mwongozaji hupanga bata wa bandia juu ya maji, huwaficha wageni katika shimo lililojengwa kwenye tuta, kisha hupuliza filimbi inayoiga sauti ya bata jike. Ufundi huo una heshima yake: mashindano ya kupuliza filimbi hiyo yamekuwa yakifanyika Stuttgart tangu mwaka 1936. Sheria haimpi mwongozaji nafasi ya kubahatisha. Hakuna kupiga kabla ya nusu saa kutangulia jua kuchomoza, wala baada ya jua kutua. Bunduki haichukui zaidi ya risasi tatu. Na idadi ya bata kwa mtu mmoja kwa siku imewekwa. Marisau ya madini ya risasi yamekatazwa nchini kote tangu mwaka 1991, kwa sababu bata huyameza pamoja na changarawe na kufa kwa sumu. Kila mwindaji aliyefikia umri wa miaka 16 hununua stempu ya serikali, iliyoanza mwaka 1934 kwa dola moja na sasa ni dola 25. Senti 98 za kila dola hutumika kununua na kuhifadhi ardhi ya majimaji.

Hatari kubwa kwa mwenye shamba ni chambo. Punje zilizobaki kwa uvunaji wa kawaida si kosa. Lakini akimwaga nafaka ili kuwavuta bata, au akilaza mpunga ambao haujavunwa kisha akaruhusu watu wapige hapo, amevunja sheria. Chambo kikiondolewa chote, shamba hukaa siku 10 bila kuwindwa. Tangu mwaka 1998, anayeweka chambo kwa ajili ya uwindaji huhesabiwa mkosaji hata kama hakushika bunduki.

Liko pia shauri la majirani. Maji ya chini ya ardhi katika eneo hilo yamekuwa yakishuka kwa miaka mingi kwa kumwagilia mpunga, na pampu inayowaridhisha bata wakati wa baridi huchota katika hazina hiyo hiyo. Ndiyo maana wakulima wengi wamechimba mabwawa ya kukinga mvua na maji yanayotoka mashambani. Wenye misitu ya mialoni wamejifunza kwa hasara kwamba miti ikifunikwa na maji mapema, kabla haijapumzika kwa baridi, hudhoofika na kufa, na mialoni ikifa, mbegu zake walizokuwa wakila bata hukosekana.

Kwa vyama vya huku, sheria ndiyo hutangulia. Kenya ilifunga uwindaji wa michezo mwaka 1977. Tanzania huruhusu uwindaji kwa leseni, chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009, na chama cha mpunga hakipati haki ya kuwindisha kwa kuwa tu kina majaruba. Hata hivyo, katibu anaweza kujifunza kutokana na namna mikataba inavyopaswa kuandikwa, hata kwa wageni wanaokuja kutazama ndege tu. Iandikwe idadi ya watu na ya siku. Nani hulipia mafuta ya pampu. Nani hubeba hasara tuta likibomoka au mtu akiumia. Na siku ya kufungua maji. Arkansas msimu huisha karibu na mwisho wa Januari, na maji hutolewa polepole ili udongo mzuri usichukuliwe, mpaka shamba likauke tayari kwa kupanda kuanzia mwisho wa Machi.