Mgeni kwenye klabu ya chuo, Japani

Kendo, mchezo wa upanga wa Japani, ina sharti moja ambalo lingewatesa wanamichezo wengi wa kwetu. Umempiga mpinzani pigo safi la kichwani, waamuzi wameinua bendera, nawe ukarusha ngumi hewani kwa furaha: pointi yako inaweza kufutwa. Upanga wa mianzi kugusa tu hakutoshi. Sauti, pigo na mguu unaokita sakafuni lazima vifike kwa pamoja, na baada ya hapo mpigaji aendelee kumkabili mwenzake kana kwamba pambano halijaisha. Anayeshangilia ameonyesha kwamba ameacha kuwa macho. Mshambuliaji wa timu ya mtaa pale Uwanja wa Tanzanite Kwaraa, Babati, aliyezoea kuvua jezi akikimbilia kibendera cha kona, angerudi nyumbani bila pointi hata moja.

Kijana wa Babati anayetaka kwenda chuo kikuu cha Japani na kujifunza kendo hukohuko, jambo la kwanza la kujua ni kwamba hajiungi na mchezo. Anajiunga na klabu. Klabu rasmi ya michezo ya chuo ina nahodha, ina meneja mwanafunzi anayeshika ratiba na hesabu, na ina walimu wazee wanaokuja kutazama mazoezi kwa sababu wao wenyewe walipita hapo. Mwanachama wa mwaka wa kwanza hufagia sakafu na kuandaa vifaa, hata kama ana umri mkubwa kuliko nahodha. Katikati ya baridi ya Januari kuna mazoezi maalumu ya alfajiri, miguu mitupu juu ya mbao. Wakati wa kiangazi kuna kambi. Malengelenge ya nyayo hayahesabiwi kuwa udhuru.

Hapo ndipo hesabu inapomwelemea mgeni. Madaraja ya kendo yana muda wake wa kusubiri: kutoka daraja la kwanza hadi la pili ni mwaka 1, la pili hadi la tatu miaka 2, la tatu hadi la nne miaka 3. Anayeshika upanga kwa mara ya kwanza siku aliyosajiliwa chuoni, akienda vizuri sana, atahitimu akiwa na daraja la tatu. Wenzake wengi walianza wakiwa shule ya msingi, na wapo wanaoingia mwaka wa kwanza tayari wakiwa na daraja hilo. Ndiyo maana mgeni asiyejua kitu mara nyingi huelekezwa kwenye vikundi vya kujifurahisha, ambavyo navyo vipo karibu kila chuo. Anayekusudia jambo zito ana milango michache inayojulikana: Chuo Kikuu cha Tsukuba, Chuo Kikuu cha Kimataifa cha Budo kilichofunguliwa Katsuura mwaka 1984 na chenye programu ya wageni, na chuo cha taifa cha michezo cha Kanoya, mkoani Kagoshima.

Mgeni anayetajwa sana katika kendo, Alexander Bennett wa New Zealand, ambaye sasa ni profesa wa Chuo Kikuu cha Kansai, hakuanzia chuoni. Alikutana na mchezo huo mwaka 1987 akiwa mwanafunzi wa kubadilishana katika sekondari moja mkoani Chiba. Hilo tulishike, maana tutalihitaji.

Afrika Mashariki iliingia klabu za vyuo vya Japani kwa mlango mwingine kabisa, wa miguu. Mwaka 1989 Mkenya Joseph Otwori, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Yamanashi Gakuin, alikimbia kipande cha pili cha ekiden (mbio za kupokezana) ya Hakone akawapita wakimbiaji 7 na kuongoza muda wa kipande hicho. Yeye na mwenzake Kennedy Isena ndio waliofungua njia. Chuo chao kilikuwa kimeanza kushiriki mwaka 1987 tu, chini ya kocha Masahito Ueda. Kufika 1992 kilikuwa bingwa, kisha kikarudia 1994 na 1995.

Hakone ni mbio za kupokezana za wanaume wa vyuo vya Tokyo na mikoa jirani, zilizoanza mwaka 1920. Hukimbiwa Januari 2 na 3, kutoka Otemachi katikati ya Tokyo kupanda hadi Ziwa Ashi na kurudi, kilomita 217 na ushei, watu 10 kwa timu. Hawapokezani kijiti. Kila mkimbiaji huvaa mshipi wa kitambaa uitwao tasuki, wenye rangi za chuo, kutoka begani hadi kiunoni. Akikaribia kituo huuvua, huuzungusha kiganjani, kisha huunyoosha kwa mikono miwili mbele ya anayempokea. Timu ikiachwa nyuma kupita muda uliowekwa, anayesubiri huamriwa aondoke na mshipi mwingine, na anayekuja hufika ameshika kitambaa kisicho na wa kukipokea. Watu hulia pale, na kamera haziwapi faragha.

Kamera ndizo zinazoeleza mengi. Televisheni ilianza kurusha Hakone moja kwa moja mwaka 1987, na kwa chuo binafsi kinachogombea wanafunzi, siku mbili za jina lake kutajwa nchi nzima wakati wa mapumziko ya mwaka mpya ni tangazo ambalo hakingeweza kulilipia. Mkenya aliletwa kwa hesabu hiyo, na hakuna haja ya kupaka sukari. Lakini mkataba ulikuwa na upande wa pili: alilala bweni moja na wenzake, aliamka nao kukimbia kabla ya kifungua kinywa, alifanya mitihani kwa Kijapani.

Waliofuata waliziandika upya rekodi. Mwaka 2009 Mekubo Mogusu wa Yamanashi Gakuin alikimbia kipande cha pili, kilomita 23.1, kwa saa 1:06:04. Siku hiyohiyo Daniel Gitau wa Chuo Kikuu cha Nihon aliwapita watu 20 katika kipande hichohicho. Yegon Vincent wa Tokyo Kokusai alishusha muda huo hadi 1:05:49 mwaka 2021, na Richard Etir wa chuo hichohicho akafika 1:05:31 mwaka 2025. Manung'uniko yalikuwepo tangu mwanzo, na sheria ikaja: timu inaweza kuandikisha wageni wawili, lakini atakayekimbia ni mmoja.

Aliyekwenda mbali zaidi, kwa maoni ya mwandishi huyu, hayumo katika orodha hiyo ya muda. Stephen Mayaka, aliyewafuata kina Otwori Yamanashi Gakuin, alichukua uraia wa Japani na baadaye akawa kocha wa timu ya Chuo Kikuu cha Obirin. Mgeni aliyeletwa kwa ajili ya miguu ndiye aliyekuja kuwaamsha vijana wa Kijapani alfajiri.

Na Manyara, mkoa wa kijana wetu wa Babati, je? Si kwamba mkoa haukuwa na wakimbiaji. Gidamis Shahanga wa Katesh alishinda maratoni ya Jumuiya ya Madola huko Edmonton mwaka 1978, na mzaliwa wa Babati, Fabiano Joseph Naasi, akawa bingwa wa dunia wa nusu maratoni mwaka 2005, katika mji uleule. Chuo alichosomea Shahanga, pamoja na Mtanzania mwenzake Suleiman Nyambui, kilikuwa El Paso, Texas. Japani iliwajua Watanzania kama wapinzani wa siku moja: Juma Ikangaa alipitwa na Toshihiko Seko kwa sekunde 3 Fukuoka mwaka 1983, akarudi kushinda mwaka 1986, na Alphonce Simbu akatwaa dhahabu ya dunia ya maratoni Tokyo, Septemba 2025. Wakenya walijenga mnyororo, wa kwanza akimwita wa pili, kocha mmoja akimjua mwalimu wa shule fulani. Upande wetu kila mtu alipita peke yake.

Mnyororo huo, kama safari ya Bennett, mara nyingi ulianzia sekondari. Mkenya Samuel Wanjiru alifika shule ya Sendai Ikuei mwaka 2002, miaka 6 kabla ya dhahabu yake ya maratoni ya Olimpiki ya Beijing. Mlango huo sasa umebanwa. Katika ekiden ya taifa ya sekondari, wageni walizuiwa kukimbia kipande cha kwanza tangu 2008, na tangu 2024 wanaruhusiwa vipande vya kilomita 3 peke yake. Shule iliyokuwa ikimtafuta kijana wa kilomita 10 haina tena pa kumtumia.

Kinachobaki kwa kijana wa Babati aliyemaliza kidato cha sita ni chuo chenyewe, ama kwa kuitwa na kocha, ama kwa ufadhili wa serikali ya Japani unaoombwa kupitia ubalozi wake Dar es Salaam. Ufadhili huo hauulizi anakimbia kilomita 10 kwa dakika ngapi. Unampa mitihani, ikiwemo ya hesabu na Kiingereza, kisha mwaka mzima wa kusoma Kijapani kabla ya digrii kuanza. Mwaka wa masomo hufunguliwa Aprili, na wiki hizohizo klabu, za mbio na za kendo, huweka meza uwanjani kusajili wapya.